Mchele Ukipepetwa

"Jina lako sikulitaja, shoga."

"Jina la nini, na kilio ni changu?" Zamoyoni alisema, amesimama mlangoni kwa jirani yake Mwatime. Kwenye podikasti ya Mwatime ya visa vya mauaji, inayosikilizwa mpaka Brazili, alikuwa amejisikia mwenyewe akilia, akieleza mwanawe alivyouawa. Nyuma ya kilio kulisikika mchele ukipepetwa. Siku ile walikuwa wawili tu, jikoni kwa Mwatime.

"Watu wa Kanada wanakuombea dua, wewe unanitukana."

"Mimi dua nilikuja kuitaka kwako."

Majirani waliojaa uani wakaacha kucheka.

Mwatime akashusha sauti. "Ingia tule, wali unapoa. Tuyamalize ndani."

Zamoyoni akavua kandambili moja. Mkekani, simu ilikuwa imeegemezwa kwenye jagi la maji, ikihesabu sekunde.