Kokoto Ndani ya Kiatu

Miaka hiyo huruma tupu haikumtoa mtu hata shilingi. Wachangiaji wa mbio za saratani walitaka maumivu, na bangili aliyovaa mkimbiaji ndiyo iliyoyapima. Ikiwaka nyekundu, michango inamiminika wodini. Ikibaki kijani, watazamaji wanahamia kwa mwingine.

Balaa la Tusajigwe ni kwamba alikuwa amepona. Titi moja lilikatwa, lakini asubuhi ile alipanda vilima vya Mbeya huku akiimba, bangili kijani kibichi. Mara kitu kikamchoma unyayo. Akaketi kando ya barabara, akavua kiatu. Ndani mlikuwa na kokoto kali, imetoboa kitambaa cha soli kilichoshonewa juu yake kwa uzi uleule wa bluu ambao mumewe hushonea sare za watoto.

Na mumewe alikuwa palepale, ameshika chupa ya maji.

“Baba Lugano, ni wewe?”

“Umepona mno, mama Lugano. Mtoto wa dada yako bado yuko wodini, anangoja dawa. Ningefanyaje?”

“Ungeniambia! Saratani imenitesa, sasa na wewe?”

Aliing’oa ile kokoto, akaitupa bondeni, akakimbia hasira zimempanda. Bangili haikujua kutofautisha hasira na maumivu. Ikawaka nyekundu mpaka kwenye utepe wa mwisho, na watu wakachanga huku wakimlilia.

Jioni mumewe alimkanda miguu kwa maji ya moto.

“Mwakani hatuhitaji kokoto,” alisema kwa upole. “Nitakuudhi tu.”