Tryphosa wa Gitaa

"Tiketi, mama," bawabu wa hoteli, Fred, alimzuia mwanamke mlangoni.

"Tiketi ya nini? Nilipe ili nijisikilize mwenyewe?"

Fred alimtazama, kisha akalitazama bango ukutani: *Tryphosa wa Gitaa, leo saa tisa alasiri.* Ndani, gitaa lilikuwa tayari linalia. Bawabu akampisha.

Kuanzia Mosocho hadi Nyansiongo, mashabiki hawakumjua kwa jina jingine. Miaka kumi na miwili alikuwa amelipigania jina hilo. Mchungaji alimfukuza kwenye kwaya akisema bluzi ni muziki wa walevi. Wanaume wa bendi walimwambia gitaa si sufuria, aliache. Aliwajibu kwa kupiga, harusini na matangani, mpaka vidole vikaota sugu na watangazaji wa Kisii wakamwita malkia. Leo kuna mtu amejivika umalkia huo mchana kweupe!

Ukumbi ulikuwa umefurika. Jukwaani, mwanamke mwenye kofia pana iliyomfunika macho alikuwa ameinamia gitaa, akiuimba wimbo uleule uliompa umaarufu huyu aliyeingia bila tiketi. Hakukosea hata mdundo mmoja. Kisha akaingia ubeti wa tatu, ubeti ambao msikilizaji wake huyo hakuwahi kuuimba popote.

Hapo hasira zikampanda kichwani. Alipenya katikati ya meza, akapanda jukwaani, akanyakua kipaza sauti.

"Mwizi huyu! Nyimbo ni zangu, jina ni langu! Mnanijua au hamnijui?"

"Tunakujua!" watu wakapaza sauti. "Tryphosa ni wewe! Mshushe huyo!"

Chupa ya plastiki ikarushwa, ikampiga yule mwenye kofia begani. Hakukimbia. Wala hakuinua uso.

"Sema basi! Umekuwa bubu?" alimfokea. "Waambie hawa watu nani alikupa nyimbo zangu!"

Mwanamke yule akazinyamazisha nyuzi kwa kiganja. Akavua kofia, akamtazama usoni.

"Bonareri, mdogo wangu," alisema, "nilipokwenda Uarabuni nilikuachia gitaa langu na daftari la nyimbo zangu, unitunzie. Jina sikukuachia."