Glavu Zisizo na Tundu

"Mama, shika hii pine," Kazadi alisema. "Mi natia mukono yangu juu ya yako. Uniambie kama unasikia joto."

Mama Ndaya aliuza buti, kofia ngumu na glavu za wachimbaji pale sokoni Kolwezi, na wateja walikuwa wameshamwomba mambo mengi, lakini hili lilikuwa jipya. Haya, mteja ni mteja. Alishika tairi la baiskeli lililoegemea meza yake. Kazadi akamfunika mkono kwa glavu nyeusi ya ngozi, akabana.

"Nasikia," alisema Mama Ndaya.

Kazadi akaivua na kuitupa kwenye fungu la zilizokataliwa. Fungu lenyewe lilikuwa limeshakua. Zile nzuri kuliko zote, nyekundu, laini, zilizokuja na balo la mitumba, alizirudisha kama mtu aliyeuziwa samaki aliyeoza. Kisa? Zilikuwa na vitundu mgongoni. Mama Ndaya alimweleza kwa upole kwamba wakimbiza magari hupenda vitundu, mkono upate hewa. Kazadi alisema jasho lake atalivumilia mwenyewe. Tundu hata moja hataki. Zilizokatwa vidole hakutaka hata kuziona. Zilizoishia kwenye kifundo cha mkono aliuliza kama hazina dada zao wa kufika kiwiko.

Tuseme ukweli tu: wanaume wa Kolwezi hawachagui hivi. Mwanaume wa Kolwezi hununua suruali bila kushuka kwenye pikipiki. Kwa hiyo wenye meza za jirani waliacha biashara wakaja kutazama, na Tina, muuza samaki wakavu, akasema huyu bwana hatafuti glavu, anatafuta mikono ya gauni la mjane. Watu wakacheka mpaka wakashika meza.

Kazadi hakucheka. Jumamosi ilikuwa siku ya wanaoanza. Klabu ya magari ilikuwa imepanga matairi kwenye uwanja mpana nje ya mji, watu ambao hawajawahi kukimbiza gari waje wajaribu kona. Iliwaalika pia madereva wa malori ya mgodi, na Kazadi alikuwa mmoja wao. Na mama mkwe wake, Mama Mianda, muuza mkaa wa Mutshatsha, angekuwepo.

Huyo mama na desturi za kabila lake la Baluba, usimguse. Na kweli, hagusiki. Mkwe hamtazami usoni, hali mbele yake, hasemi naye ila kwa kupitia mtu wa tatu, na kumshika ndiyo kabisa, Mungu apishe mbali. Mwaka jana, kwenye matope ya mtaa wa Kasulo, mama aliteleza akishuka kwenye pikipiki, na Kazadi kwa roho yake nzuri akamdaka kiwiko. Shukrani aliyopata? Mama alimchukua binti yake, Mignonne, mke wa Kazadi, akarudi naye Mutshatsha. Kazadi alijisongea ugali peke yake, bukari yenye mabonge, mpaka alipopeleka mbuzi na kitambaa cheupe ndipo akarudishiwa mke.

Sasa Mignonne alikuwa na mimba, na mama alikuwa ametuma neno: ngozi yake ikiguswa tena na mkwe, mtoto huyo atazaliwa Mutshatsha na atakulia huko huko.

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Kazadi alimpenda sana mke wake, na alikuwa ameshaanza kumpenda mtoto kabla ya kumwona. Hakutaka kuamka tena katika nyumba tupu. Alimnong'oneza Mama Ndaya habari yote, naye akalainika.

"Njo maana yake," alisema Mama Ndaya. "Ukishinda, batu batakusukuma kwake, mushikane mikono."

"Kitu kama ile," alijibu Kazadi.

Mama Ndaya akainama chini ya meza, akatoka na glavu za mafundi wa kuchomelea, nene kama mkate, za kufika kiwiko. Akashika tairi. Kazadi akamfunika mkono, akabana kwa nguvu zake zote.

"Sisikie kitu," alisema Mama Ndaya. Lakini, kwa kuwa alikuwa mfanyabiashara mwenye dhamiri, akamwonya kwamba kwa glavu hizo hata usukani hatausikia.

"Volant haina shida yangu," alisema Kazadi, akaanza kutoa pesa.

Jumamosi ikafika na jua lake na vumbi lake. Mama Mianda alikuja na kikwembe kipya, Mignonne pembeni yake na tumbo lake mbele. Kazadi alitazama buti zake, akamwambia Mignonne amsalimie mama. Mama akamwambia Mignonne aitike.

Philippe, mkubwa wa klabu, akaanza kuita majina. Kazadi akavaa glavu, akachomeka mikono ya shati ndani yake, akavuta mpaka kiwiko. Vijana wa klabu wakamuuliza leo anakwenda kuchomelea mlango wa nani. Alifanya ishara ya msalaba, jambo gumu kwa glavu zile, akaingia ndani ya gari na kukaza macho mbele, kwenye kona ya kwanza. Kwenye kamba ya watazamaji, Mignonne alijifunika mdomo, na kwa mbali huwezi kujua kama anasali au anacheka.

Injini ikaunguruma.

Nyuma ya usukani, Mama Mianda alisogeza kiti, akatafuta mtu wa tatu humo garini, akamkosa, akauambia usukani wenyewe: "We volant, ambia ule moniteur, mwalimu wangu mwenye kukaa pembeni, afunge mukaba. Mi sikuje hapa kwa kutembea."