Stata au Redio

Fundi alimwambia Mwinjuma achague kimoja kwa pesa aliyokuwa nayo, stata mpya ya gari au redio, naye akachagua redio. Tangu hapo akawa analilaza gari kilimani, na asubuhi analiachia mteremkoni mpaka liwake.

Leo uchungu ulimshika mkewe, Mwanaidi. Mwinjuma alipomtoa nje, akalikuta gari bondeni, kando ya bomba, linang'aa.

“Nimekuoshea, shemeji,” alisema kaka yake Mwanaidi. “Mtoto apande gari safi.”

“Umeniua!”

Wakamlaza Mwanaidi kiti cha nyuma. Mwinjuma akazungusha ufunguo, redio ikaanza kuimba. Shemeji akasukuma mpaka akapiga magoti. Gari halikusogea.

Mlango wa nyuma ukafunguka. Mwinjuma akageuka. Viganja vya Mwanaidi vilikuwa vimebandikwa kwa nje kwenye kioo kisafi cha nyuma, na gari lilikuwa linasogea.