Tanga la Bi Mwatima

Mashua ilikuwa tayari uani, juu ya magogo, ila Bi Mwatima alikataa katakata kuipanda.

"Ukizimia katikati ya ziwa, nani atapandisha tanga?" alimuuliza mumewe. "Mimi, na goti langu hili? Nikiweza kulipandisha peke yangu, tena nimekaa, nitakwenda na wewe. Nisipoweza, hilo ni banda la kuku."

Mzee Machano aling'oa kapi la kisima, akalifunga kileleni mwa mlingoti, akapitisha kamba hadi kwenye kiti cha nyuma. Ikakwama. Akalisogeza kapi mbele kidogo, akalipaka mafuta yake ya nywele, ingawa nywele zenyewe zilishahama zamani.

"Haya panda, mama watoto. Vuta kama unavuta ndoo."

"Wewe mwanamume utanitoa roho."

Akapanda, akakaa, akavuta. Tanga likapaa bila kusita, naye akaangua kicheko. Papo hapo upepo ukaruka ukuta, ukalijaza, na mashua ikaanza kuteleza juu ya magogo, ikatoka langoni, ikashika mteremko wa kwenda ziwani.

"Legeza kamba, mama! Legeza!"

"Nilegeze ya nini, na linavuta vizuri hivi?"

Majirani wakajibana kutani kuipisha. Bi Mwatima alishika usukani kwa mkono mmoja. Kwa mkono wa pili alimpungia mumewe, aliyekuwa akikimbia nyuma na kiatu kimoja, aongeze mwendo.