Alama Mbili za Kuro

Kunguru alizoea kuhukumu mieleka, ingawa yeye hajawahi kuangushwa hata mara moja. Siku ya tatu baada ya mashindano makubwa, aliona wanyama wamekusanyika matangani, akaketi mkekani na kupokea sahani ya wali. Hakuuliza aliyefariki ni nani.

"Pambano la Ngiri na Nguchiro lilikuwa zuri," alisema huku akitafuna. "La Kima halikuwa na maana. Lakini Kuro alinikera. Nyati kamwangusha mara moja tu, naye akajilaza kama gunia mpaka akabebwa. Maigizo gani yale? Nilimpa alama mbili."

Wanyama wakaacha kula. Mjane aliyekuwa akigawa mchuzi akasimama mbele yake.

"Na wali huu, baba, unaupa ngapi?"

"Tisa, mama. Umepungua chumvi tu. Kwani msiba wa nani?"

"Wa mume wangu, yule aliyejilaza. Nilimwita ainuke, Mungu hakupenda. Nawe ulikuwa juu ya mti, unampa alama."

Kisha akamwondolea sahani, akawapelekea waliochimba kaburi.