Ngumi ya Dereva

"Andika tunataka websaiti ya kisasa," mwenyekiti alisema. "Yenye twiga anayetembea. Basi la kupeleka barua ya zabuni Nairobi linatoka saa nane, Aguti, chapa haraka."

Aguti akachapa. Ndivyo chama cha mawakala wa forodha wa Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, kilivyotangaza zabuni mwaka uliopita, 1998, mafundi wakakiletea tovuti yenye twiga aliyesimama. Nani angeifungua? Matajiri wa malori huko Mombasa wakazidi kupitishia mizigo yao mpaka mwingine, Busia.

Nje, lori lililotoka mpakani lilipishana na lingine lililokuwa linaenda huko. Dereva wa lile la kwanza akatoa mkono dirishani, mweusi kwa grisi hadi kwenye kiwiko, akakunja ngumi. Maana yake: foleni haisongi leo. Mwenzake akamshukuru kwa honi, akakata kona kwenda kula kwanza.

Ishara hiyo Aguti alikuwa ameiona kila siku tangu aajiriwe. Leo vidole vyake viliganda juu ya mashine.

Akaichomoa karatasi, akaikunjakunja.

"Wewe dada, umerukwa na akili?"

Kicheko kilikuwa kinamtoka chenyewe. Akapachika karatasi mpya na kuitwanga: "Kazi atapewa fundi atakayetuonyesha jinsi tajiri aliye Mombasa atakavyojua, kila asubuhi, kama foleni ya Malaba inasonga, kabla lori lake halijawashwa."

Mwenyekiti akasoma juu ya bega lake, akasoma tena.

"Na twiga?"

Aguti akafungua dirisha lote. Lori lingine lilikuwa linakuja.

"Twiga ana ngumi, mzee?"